Fomu ya shule ya bweni inauliza magonjwa ya mtoto. Niandike nini?

fundi_wa_dandora

Hamjambo wote. Swali langu ni moja ila lina mizizi mingi, mnivumilie.

Binti yangu amepangiwa shule ya wasichana huko Kirinyaga, Gredi ya 10, bweni. Barua ya kujiunga imekuja na fomu ya afya ya kurasa mbili. Ukurasa wa mzazi una mistari mitupu chini ya maneno "magonjwa ya muda mrefu na dawa anazotumia". Wa pili unajazwa na daktari na kupigwa muhuri. Halafu mwisho wa barua kuna onyo kwa herufi kubwa: mwanafunzi haruhusiwi kuwa na dawa yoyote kwenye sanduku lake, zote zikabidhiwe matroni.

Mtoto alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Mimi pia ninavyo. Nilimzalia nyumbani, hapa hapa Dandora, kwa mkunga, na hakuna aliyekuwa amenipima. Tulijua hali yetu aliposhikwa na kifua kisichoisha, akiwa bado anashika ukuta kujifunza kutembea. Babake hatunaye tena. Mdogo wake, Brayo, hana virusi, maana mimba yake ilinikuta tayari nameza dawa, na nikajifungulia hospitalini.

Dawa zake nimezipitia zote. Kulikuwa na ile ya maji ya lopinavir, chungu ajabu, ambayo nilikuwa naiweka ndani ya beseni la maji chini ya cherehani ili isishike joto kwa sababu friji sina. Akiiona tu alikuwa anaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwaka 2021 dawa zilipokwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa ushuru, tulikuwa tunapewa za wiki mbili mbili, nafunga kazi narudi kliniki. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, kile cha watu wazima chenye dolutegravir. Kwa hiyo upande wa dawa yenyewe mambo yamekuwa mepesi. Uzito umehamia kichwani.

Alielezwa hali yake akiwa darasa la tano, na mshauri wetu wa kliniki, mama mmoja aliyemjua tangu akibebwa mgongoni. Alilipokea vizuri kuliko nilivyotazamia. Kila kipimo cha wingi wa virusi kilikuwa kinarudi LDL, yaani vichache mno hata mashine haivioni. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada. Yule mshauri alikuwa analipwa na mradi, akaenda nyumbani bila hata kupata nafasi ya kutuaga. Baadaye kliniki yetu ikaunganishwa na wagonjwa wa kawaida. Sasa tunapanga foleni moja na wenye malaria na walioumwa na mbwa, na dirisha la dawa linatazamana na benchi ambalo nusu ya mtaa imekalia. Binti ana miaka 15. Alikataa katakata kukanyaga pale, nikawa namchukulia mimi.

Novemba nilikuwa nashusha mapazia niyafue kabla ya Krismasi. Nikashika pindo la pazia la upande wake nikaona lina uzito. Mimi ni fundi, najua pindo linavyokaa mkononi. Uzi ulikuwa umefumuliwa pembeni kidogo, nafasi ya kidole, na ndani mlikuwa na vidonge: vingine vizima, vingine vimelowa mate na kuyeyuka nusu, vimeacha madoa meupe kwenye kitambaa. Kipimo kilichofuata kikasoma virusi 4,300 kwa mililita moja ya damu.

Nilipomuuliza hakukana. Alisema tu, "Kwa nini mimi na si Brayo?" Baadaye, taa ikiwa imezimwa, akaniuliza kama kuna mtu atakayewahi kumuoa.

Sasa nikiandika ukweli kwenye fomu, ni nani atakayeisoma? Nikiacha wazi, dawa ataziweka wapi? Na mtoto aliyekuwa anaficha vidonge nikiwa upande wa pili wa shuka tulilotundika kugawa chumba, kweli nimpeleke mahali ambapo simwoni muhula mzima? Mwenyewe anaitaka hiyo shule kufa kupona. Anaripoti wiki ijayo.

---

mwalimu_mstaafu

Dada, mimi nitasema wazi: mtafutie shule ya kutwa hapo karibu. Nimefundisha shule za bweni maisha yangu yote ya kazi. Jambo likitajwa kwenye chumba cha walimu wakati wa chai ya saa nne, jioni limeshafika jikoni kwa wapishi, na kesho yake liko bwenini. Sisemi walimu ni wabaya. Ni watu wengi mahali pamoja na hawana habari nyingine. Akae nyumbani umwone akimeza mpaka virusi vishuke, bweni litamngoja.

---

fundi_wa_dandora

Asante mwalimu. Lakini kumwona akimeza nilikuwa namwona. Alikuwa anakiweka chini ya ulimi, anakunywa maji, ananionyesha mdomo mtupu. Kukaa naye hakukuzuia pazia.

---

kijana_wa_umo

Habari yako mama. Mimi nilizaliwa nayo mwaka 1998, nikalelewa na cucu, yaani bibi yangu, pale Umoja baada ya wazazi kuondoka. Sekondari yote nimeisoma bweni, Machakos. Kwa hiyo hapo ulipo nimepaona kutoka upande wa binti yako.

Kwanza, kuficha kwenye sanduku asahau. Bwenini sanduku halina siri. Kuna ukaguzi wa ghafla wa kusaka simu, vitu vyote vinamwagwa kitandani kuanzia sukari hadi soksi, na chumba kizima kinatazama. Halafu mkebe wenyewe una mdomo: ukitembea nao kwenye begi unalia kama kayamba. Cucu alikuwa anaujaza pamba ndio unyamaze tukiwa ndani ya matatu. Wengine huhamishia vidonge kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Rafiki yangu alifanya hivyo, vikaingia unyevu vikashikana.

Kilichonisaidia ni chumba cha muuguzi. Unajua ni nani wanaopanga foleni pale jioni kabla ya masomo ya usiku? Wenye pumu, wenye kifafa, wenye selimundu, wenye vidonda vya tumbo, na wetu alikuwepo mmoja wa kisukari na sindano zake. Kila mtu anawekewa chake kiganjani, anameza kwa maji ya jagi, anaondoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza nameza nini. Wengi walidhani nina pumu na mimi sikuwa na haraka ya kuwasahihisha. Kwenye foleni ya wagonjwa unapotea. Ni ukiwa peke yako nyuma ya choo na kidonge mkononi ndipo watu wanaanza kujiuliza.

Pili, nani aambiwe. Cucu alitaka kwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikamkatalia. Tukakubaliana iwe mtu mmoja, nimchague mimi, nimwambie kwa mdomo wangu, yeye akiwa ameketi pembeni. Nilimchagua matroni kwa sababu siku ya kuripoti nilimwona akimfokea mwanafunzi aliyekuwa anamcheka mwenzake mwenye kigugumizi. Mama, mpe binti yako nafasi hiyo. Maisha yake yote watu wazima wameongea habari zake juu ya kichwa chake: kliniki, kwa shangazi, kanisani. Hili moja alishike yeye.

Kuhusu pazia usijiue moyo. Kwenye kikundi chetu cha vijana karibu kila mtu ana pazia lake. Kuna dada alikuwa anavizika kwenye chungu cha maua, kuna mmoja alikuwa anawapa kuku (kuku waliendelea vizuri kabisa, anasema). Hatukuwa hatujui madhara. Madhara tulikuwa tumekaririshwa tangu utotoni. Ni kuchoka. Kila siku saa ile ile kuna kitu kinakukumbusha kwamba wewe si kama wenzako, na ukiwa na miaka 15 hicho ndicho kitu cha mwisho unachotaka kukumbushwa. Kwa binti yako kuna zaidi: mtu aliyekuwa anamwelewa aliondoka ghafla. Ulishamuuliza kama anamkosa yule mshauri? Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuongea habari za vidonge.

Swali la Brayo mjibu kwa yale yale uliyotuandikia sisi. Wakati wa mimba ya binti hakuna aliyekupima. Wakati wa Brayo ulikuwa unameza dawa. Mwambie hivyo bila kulainisha. Asikie kwamba kilichomkinga mdogo wake ni mama kumeza dawa za namna hiyo hiyo anazoingiza kwenye pindo.

Na la kuolewa. Kuna utafiti unaitwa PARTNER, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, wakifanya mapenzi bila kondomu. Matokeo yalichapishwa 2016 na tena 2019. Pale ambapo aliye na virusi alikuwa chini ya 200 kwa kipimo, hawakupata hata maambukizi moja kutoka kwake kwenda kwa mwenzi wake. Mimi nina mchumba, hana virusi, anajua kila kitu, na tunapanga ruracio, sherehe ya mahari, mwaka huu Mungu akipenda. Wakati wazazi wangu wanaugua, habari kama hii hakuna aliyeweza kuwaambia.

---

msomaji_tu

Samahani kuuliza. Si kuna ile sindano mpya ya mara mbili kwa mwaka? Kwa nini mtoto asidungwe hiyo aondokane na mambo ya vidonge?

---

sista_wa_zamu

Nianze na hilo la sindano kwa sababu kliniki naulizwa kila siku. Lenacapavir, ile iliyoidhinishwa Marekani Juni 2025, ni kinga kwa asiye na virusi. Mwenye virusi haimtoshi peke yake. Mtoto wa huyu dada abaki na kidonge chake.

Sasa dada, mimi ni muuguzi, nimekaa na vijana wa kliniki muda mrefu, na fomu za shule kila Januari zinanijia kwa rundo. Usiache ule mstari wazi, na usiandike jina la ugonjwa. Andika: "Anatumia dawa ya muda mrefu, kidonge kimoja kwa siku, chini ya uangalizi wa kliniki. Maelezo atapewa muuguzi wa shule ana kwa ana." Upande wa daktari aandike kwamba anafaa kwa masomo, michezo na shughuli zote. Hapo hujadanganya mtu, na karani anayepanga hizo fomu kwenye faili hajapata hadithi.

Shule ikisisitiza kutaka kipimo, au ikitafuta njia ya kumrudisha nyumbani, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza yote mawili: kumlazimisha mtoto kupimwa ndio apate nafasi, na kumnyima nafasi au kumfukuza kwa sababu ya hali yake. Sheria hiyo hiyo iliunda baraza maalum la kusikiliza malalamiko ya namna hii, liko hapa Nairobi. Sidhani mtafika huko. Lakini ni vizuri uingie ofisi ya shule ukijua, maana mtu anayejua haki yake hata sauti yake huwa tofauti.

Hiyo 4,300. Inatisha ukiitazama kwenye karatasi, na lazima ishushwe, ila dolutegravir ni dawa ngumu kwa virusi kuizoea. Wengi wa vijana ninaowaona wakirudi kumeza vizuri, kipimo cha baada ya miezi mitatu kinakuwa kimeshuka chenyewe bila kubadilishiwa dawa. Kwa hiyo muhula wa kwanza ndio huo huo muda wa kipimo. Mwambie hivyo kama mpango, asiusikie kama tishio.

Umeshawahi kumuuliza anavyolala? Nauliza kwa sababu dolutegravir huwanyima baadhi ya watu usingizi au kuwapa ndoto za ajabu, na mtoto hawezi kukuambia "dawa inaniharibia usingizi", atakuambia tu hataki dawa. Kama ndivyo, ameze asubuhi. Haidai chakula, haidai saa fulani ya usiku. Ila wakichagua saa na muuguzi, ibaki hiyo hiyo. Akisahau, ameze akikumbuka, na asimeze viwili kufidia cha jana.

Kuna jambo dogo la bwenini ambalo watu hawalitaji. Githeri na maharagwe ya kila siku yanawapa wasichana kiungulia, wanagawana vile vidonge vya kutafuna. Vyenye magnesi au alumini vinazuia dolutegravir isiingie mwilini vizuri. Kidonge chake kitangulie kile cha kutafuna kwa saa 2, au kingoje mpaka saa 6 zipite baada ya kukitafuna. Vidonge vya kuongeza damu vya madini ya chuma vina kasoro hiyo hiyo, isipokuwa akivimeza pamoja na dawa yake wakati wa chakula, hapo haidhuru. Muuguzi wa shule aambiwe hili hata kama hajui zaidi ya hapo.

Mkebe uende ukiwa na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu ndani yake. Lebo mkitaka kubandua bandueni, wengi hufanya hivyo, lakini jina la dawa liwe limeandikwa mahali ambapo muuguzi atalipata.

Kuhusu mshauri wake. Mahali pengi walioondoka 2025 hawakurudishwa, na sitakudanganya kwamba foleni ya pamoja itaisha kesho. Ulizia kama hapo kwenu kikundi cha OTZ bado kipo. Ni cha vijana wanaoishi na virusi, jina ni la sufuri tatu: kutokosa kliniki, kutokosa dawa, na virusi visivyoonekana. Kwingine hukutana Jumamosi na wakati wa likizo ili wanafunzi waweze kufika. Pale haingii benchi ile ya mtaa mzima.

Na wewe je? Umeandika habari za watoto wote wawili, za kwako hujaandika hata mstari mmoja. Kipimo chako cha mwisho kilikuwa lini?

---

mwalimu_mstaafu

Nimesoma ya huyu kijana wa Umoja mara mbili. Hiyo foleni ya jioni kwa muuguzi nimeipita miaka yote nikienda kusimamia masomo ya usiku na sikuwahi kujiuliza nani ana nini. Basi kama shule ina muuguzi wa kudumu, bweni sikatai tena. Kama ni matroni tu mwenye funguo za kabati na analala nje ya shule, nasimama pale pale niliposema. Dada, piga simu uulize hilo kwanza kabla ya kununua godoro.

---

fundi_wa_dandora

Mwalimu, nimepiga. Muuguzi yupo na anakaa ndani ya shule.

Kijana wangu wa Umoja, nilimuuliza kuhusu yule mshauri. Alilia mpaka nikashangaa. Kumbe alikuwa amemwandikia barua, ameihifadhi kwenye kitabu cha hesabu, hana pa kuituma. Nimepata namba ya huyo mama kupitia jirani yake wa zamani, wameongea kwa simu muda mrefu na mimi nikatoka nje nikawaachia. Ya Brayo pia nimemwambia kama ulivyosema. Hakujibu kitu. Jana usiku amemeza mbele yangu, na mdomo sikuukagua.

Kuhusu kumwambia muuguzi amekubali, ila anasema kwanza amwone alivyo. Kama hatampenda atanipigia kwa simu ya shule aniambie "mafuta yameisha", nami nitajua. Hayo mafumbo ameyatunga mwenyewe.

Sista, usingizi ndio. Anasema anaota anaanguka kila usiku tangu mwaka juzi. Nilidhani ni filamu anazotazama. Fomu tumejaza kama ulivyotuelekeza na daktari amegonga muhuri bila swali. Mimi niko LDL, nashukuru, kipimo ni cha Agosti.

Limebaki moja. Kliniki wanasema kwa vile kipimo chake kiko juu, watampa za mwezi mmoja tu. Na nusu muhula wanaachiliwa Alhamisi mpaka Jumapili, wakati siku ya vijana hapa kwetu ni Jumamosi moja tu kwa mwezi. Zisipolingana nifanyeje?

---

sista_wa_zamu

Aliye juu hupewa za muda mfupi ili arudi upesi, hilo ni la kawaida, lakini mwanafunzi wa bweni huzungumziwa. Rudi na ile barua ya kujiunga yenye tarehe za muhula, umwone anayesimamia kliniki mwenyewe, siyo wa dirishani, uombe za muhula mzima. Mweleze kwamba muuguzi wa shule ndiye atakayekuwa anampa. Hiyo huwatuliza.

Kipimo cha kurudia hakihitaji siku ya vijana wala kufunga kula. Akifika Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi atolewe damu, amalize. Hiyo Ijumaa moja itabidi avumilie benchi, au mfike kabla ya saa mbili watu hawajajaa. Dawa zikimwishia akiwa huko, kituo chochote cha serikali karibu na shule kinaweza kumsaidia akiwa na namba yake ya kliniki. Inakili kwenye simu yako na kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, maana kadi hupotea.